Mlengwa na Fundi: Kutoka Pamba ya Nzara hadi Sola za Custom

Katika lugha ya taarifa za miradi yamo maneno ambayo mwalimu wa sarufi hawezi kuyapita bila kusimama kidogo. Mojawapo ni "mlengwa". Neno hili limetokana na kitenzi "lenga", likatiwa kiambishi cha kutendwa, na maana yake ya asili ni yule aliyewekewa shabaha kwa mshale au kwa bunduki. Mlengwa hana la kutenda. Analotakiwa ni kukaa palepale mpaka mshale umfikie. Upande wa pili kuna neno la zamani zaidi, nalo ni "fundi". Hili lina udugu na "funda" na "fundisha", kwa hiyo ndani yake mna mtu ajuaye kazi na tena awezaye kumjulisha mwenziwe. Nimekusudia katika makala haya kuonyesha kwamba historia ya miradi ya misaada katika eneo letu, tangu pamba ya Wazande hadi sola zinazouzwa leo mjini Juba, yaweza kusomwa kama historia ya maneno haya mawili: ni wapi wenyeji walichukuliwa kuwa walengwa, na ni wapi waliachiwa nafasi ya kuwa mafundi. Si kila tukio linaingia sawasawa katika mizani hii, na pale lisipoingia nitasema.

Msomaji asiyeijua Juba yafaa aelezwe kwamba Custom ni mtaa, ni soko, na tena ni kituo kikubwa cha magari ya abiria. Jina lenyewe ni la Kiingereza, maana yake forodha. Lugha ya soko ni Kiarabu cha Juba, lakini Kiswahili nacho husikika, kwa kuwa bidhaa nyingi na wachuuzi wengi hutoka Uganda na Kenya, na kwa kuwa Wasudani Kusini wengi walikulia ukimbizini katika nchi hizo. Katika masoko ya mji huu paneli za sola, betri, taa na nyaya ni bidhaa za kawaida kama sabuni na unga. Jambo hili halishangazi katika nchi ambayo katika kila watu mia hawafiki kumi wenye umeme nyumbani, na katika mji ulioishi miaka mingi kwa ngurumo za jenereta za watu binafsi, hadi mtambo wa dizeli wa megawati 33 ulipozinduliwa mwishoni mwa mwaka 2019. Mali hii ilikuja kwa malori. Linalostahili kuulizwa ni ujuzi wa kuitumia ulikujaje. Lakini kabla ya kuifuata njia ya ujuzi huo, yatupasa turudi nyuma kidogo tuone jinsi mradi mkubwa wa kwanza wa kuinua maisha ya wenyeji ulivyoendeshwa katika jimbo hili hili la Equatoria.

Mwaka 1943 Dakta J. D. Tothill, mtaalamu wa kilimo katika serikali ya kikoloni ya Sudan, aliandika waraka akipendekeza jaribio la kuwaendeleza watu wa maeneo yaliyo mbali na bahari. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Aliona kwamba nchi ya Wazande, huko magharibi mwa Equatoria karibu na mpaka wa Kongo, iko mbali mno na Port Sudan, kiasi kwamba gharama ya kusafirisha mazao inakula faida yote. Basi akashauri kwamba pamba ilimwe na Wazande, isokotwe na kufumwa hukohuko, na nguo zivaliwe na walewale waliolima, ili watu wa pande zile wawe karibu wanajitosheleza. Mwaka 1946 ikaundwa Bodi ya Miradi ya Equatoria, na kiwanda kikajengwa Nzara, si mbali na Yambio. Kwa karatasi, huu ulikuwa mradi wenye huruma kuliko mingi ya zama zile.

Utekelezaji ulikuwa jambo jingine. Ili pamba isimamiwe kwa urahisi, iliamuliwa kwamba Wazande wahamishwe kutoka makazi yao ya kutawanyika na kupangwa katika vipande vya ardhi vilivyopimwa kwa kamba, kila kaya mahali pake, katika mistari iliyonyooka. Makumi ya maelfu ya kaya zilihamishwa katika muda wa miaka michache. Mistari ile ilipendeza kwenye ramani. Udongo, kwa bahati mbaya, haujui ramani: kipande kimoja kiliangukia ardhi njema, na cha jirani kikaangukia kokoto. Tena Mzande alikuwa na sababu zake za kuishi mbali na mwenziwe, sababu za kilimo na za ujirani pia, kwa maana watu waliosogezwa wakabanana hugombana, na katika nchi ile ugomvi ulizaa haraka shutuma za uchawi.

Miaka ya kwanza watu walilima kwa moyo. Kisha mavuno yakashuka, kwa sababu malipo yalikuwa haba na kazi nyingi. Wakuu hawakuuliza kwa nini, walitia nguvu. Mtu asiyelima pamba aliweza kupelekwa kufanya kazi ya barabara. Hapo ndipo lengo la waraka wa 1943 lilipogeuka juu chini: jambo lililoanzishwa ili Mzande ajitegemee likawa jambo afanyalo kwa kuogopa adhabu.

Linalotia uchungu zaidi kwa mwalimu ni kwamba ujuzi uliohitajika ulikuwapo, na ulikuwapo karibu. Katika kituo cha majaribio ya kilimo huko Yambio alikuwamo mtaalamu Pierre de Schlippé, ambaye badala ya kuanza kwa kuwafundisha Wazande alianza kwa kujifunza kwao. Aliona kwamba mkulima wa Kizande huutambua udongo kwa majani yaotayo juu yake. Huchanganya ulezi, karanga, mahindi na mazao mengine kwa utaratibu unaofuata mvua. Na kila namna ya shamba ina jina lake na zamu yake. Alichokiona watawala kuwa fujo kilikuwa elimu iliyopangika. Kitabu chake kilitoka mwaka 1956. Serikali nayo ilimwajiri mwanaanthropolojia, Conrad Reining, mapema katika miaka hiyo ya 1950, ili achunguze kwa nini mradi hauendi, naye akakuta kwamba wakuu na wakulima walikuwa na maelezo tofauti kabisa ya jambo lilelile. Wakuu walisema Mzande hajali fedha. Mzande alisema fedha anayopewa haifai kujaliwa. Kitabu cha Reining kilitoka mwaka 1966, wakati vita vya kwanza vikiendelea na mradi wenyewe umekwisha kudhoofika.

Kabla ya vitabu hivyo viwili kutoka yalitokea mambo yasiyosahaulika Equatoria. Julai 1955 wafanyakazi wapatao mia tatu waliachishwa kazi Nzara, na tarehe 26 ya mwezi huo maandamano yakapigwa risasi, watu kadhaa wakafa. Wiki tatu baadaye, tarehe 18 Agosti, askari wa Torit waliasi. Sitaki kusema kwamba pamba ilileta vita. Vita vilikuwa na mizizi mingi, na mkubwa zaidi ulikuwa namna Kusini kulivyowekwa pembeni katika mipango ya uhuru. Nasema tu kwamba mahali palipotangazwa kuwa shule ya maendeleo ndipo palipofyatuliwa baadhi ya risasi za kwanza, na kwamba taarifa za kuonya zilikuwa zimekwisha andikwa, zikiwa katika lugha ambayo waliokuwa na hatima ya mradi mikononi hawakuisikia.

Baada ya Mapatano ya Addis Ababa ya mwaka 1972 Juba ikawa makao ya serikali ya jimbo, na mashirika ya misaada yakafika. Norway ilikuwapo pande zote mbili za mpaka: upande wa Torit kupitia shirika la kanisa, na upande wa Turkana, Kenya, kupitia serikali yake. Habari za Turkana zimesimuliwa mara nyingi, kwa hiyo nitazipita upesi. Huko Kalokol kilijengwa kiwanda cha kugandisha samaki wa Ziwa Turkana, kikakamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hesabu ya baridi katika nchi ya joto kali iliwashinda wenyewe: kugandisha samaki kuligharimu kuliko bei ya samaki, na kiwanda kikafanya kazi hiyo kwa siku chache tu. Kisha maji yakaondoka katika Ghuba ya Ferguson, mahali palipotegemewa kwa uvuvi. Jengo likaishia kuwa ghala la samaki wakavu, yaani samaki waliokaushwa kwa jua, kwa njia waliyoitumia wavuvi kabla ya mradi.

Sasa tuuache ukingo wa ziwa tushuke Nairobi, katika miaka hiyohiyo, kwa sababu huko jambo la kinyume lilikuwa likifanyika pasipo kelele nyingi. Agosti 1981 Umoja wa Mataifa uliitisha mkutano wa nishati mpya na jadidifu katika mji huo. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda mara mbili katika muongo mmoja, misitu ilikuwa inageuka makaa, na kila mtu alikuwa na mchoro wa jiko bora. Kwa fedha za Marekani ulianzishwa mradi wa nishati wa Kenya, na miongoni mwa waliofanya kazi hiyo alikuwamo Max Kinyanjui. Wazo walilipata Thailand, kwenye jiko la ndoo lenye bitana la udongo. Lakini jiko la Kithai halikuchukuliwa lilivyo.

Majaribio ya kwanza yalikuwa na kasoro ambazo hazionekani katika maabara. Bitana lilifika mpaka chini na likawa linapasuka upesi. Mdomo ulikuwa mwembamba, haukubali sufuria nyingi. Wapishi walisema, na safari hii walisikilizwa. Asonge ugali na alishike jiko kwa mkono gani? Jiko likapewa umbo la kiuno, jembamba katikati na pana chini na juu, ili lisimame imara mwiko unapozunguka, na bitana likaishia kiunoni. Waliolitengeneza walikuwa mafundi wa mabati wa Shauri Moyo na Kamukunji, watu ambao kwa miaka mingi walikuwa wakigonga majiko ya kawaida chini ya jua, na ndiyo maana wakaitwa "jua kali". Umbo lenyewe halikufungwa kwa hati ya umiliki, kila fundi aliliiga. Wengine waliliiga vibaya, wakatia udongo usiochomwa vizuri, na wanunuzi wakalalamika. Wakajifunza, ama wakakosa wateja. Kufika katikati ya miaka ya 1990 jiko hili lilikuwa limeingia katika mamia ya maelfu ya nyumba, na lilikwisha vuka mipaka kwenda Tanzania, Uganda na kwingineko, kila mahali likibadilishwa kidogo. Vipimo vilionyesha kwamba laweza kupunguza makaa kwa kiasi cha theluthi moja au hata zaidi.

Yafaa ikumbukwe kwamba serikali haikuwatambua mafundi hawa upesi. Kwa muda mrefu walifukuzwa na askari wa baraza la mji. Ni hadi Rais Moi alipowatembelea Kamukunji mwaka 1985 ndipo walipoahidiwa mabanda ya kujikinga na lile jua walilopewa jina lake.

Jua hilohilo lilikuwa limeanza kazi nyingine Meru. Mhandisi mmoja Mmarekani, Harold Burris, aliyewahi kuwa mfanyakazi wa kujitolea wa Peace Corps, alikuwa akifunga mitambo midogo ya sola mashambani. Mwaka 1984 Shule ya Sekondari ya Harambee ya Karamugi ilikuwa imejiandaa kununua jenereta ya dizeli. Mwalimu wake mmoja, Mark Hankins, naye wa Peace Corps, aliishawishi kamati ya shule ijaribu sola, na Burris akaifunga katika madarasa. Hapakuwa na hotuba ya waziri. Kilichofuata ndicho cha maana: walimu wa shule ile na jirani zao, waliokuwa na mishahara au fedha za kahawa na chai, waliona taa zikiwaka bila kelele na bila dizeli, wakataka za kwao. Baadaye yalifanyika mafunzo katika shule kadhaa, na vijana wa hapo wakajifunza kufunga nyaya, kupima betri na kuelekeza paneli. Vijana hao walipomaliza hawakungoja kuajiriwa na mradi. Waliingia mitaani wakawafungia watu.

Nakaa kidogo hapa kwa sababu ndipo lilipotokea jambo ambalo wataalamu walichelewa kulielewa. Mhandisi huuza mtambo mzima: paneli ya kutosha, betri ya namna maalumu, kidhibiti cha chaji, taa nne. Mkulima na mwalimu wa shule ya msingi hawakununua hivyo. Walinunua kidogokidogo. Mmoja alikuwa na betri ya gari aliyokuwa akiipeleka sokoni kuchajiwa ili aone televisheni ya nyeusi na nyeupe. Akanunua paneli ndogo ya wati 12 ili asibebe tena betri kwa baiskeli. Taa zikafuata mwaka uliofuata, baada ya mavuno. Kidhibiti hakikununuliwa kabisa. Kwa kipimo cha kitabu mitambo hiyo ilikuwa mibovu, na ni kweli betri zilikufa mapema. Lakini kwa njia hiyo, kufikia mwisho wa miaka ya 1990, zaidi ya nyumba laki moja za Kenya zilikuwa na sola, nyingi zikiwa zimenunuliwa kwa fedha za wenyewe, dukani, kwa muuzaji wa kawaida. Kiwanda cha betri cha nchini nacho kikageuza betri yake ya gari kidogo ili istahimili kazi hii. Kila mmoja, mnunuzi, fundi, muuzaji na mwenye kiwanda, alibadilisha kitu baada ya kuona alichofanya mwingine.

Nisieleweke vibaya: soko si malaika. Uchunguzi uliofanywa mwishoni mwa miaka hiyo ya 1990 ulionyesha kwamba baadhi ya paneli ndogo zilitoa nguvu pungufu sana ya ile iliyoandikwa nyuma yake. Mkulima hakuwa na namna ya kujua. Hana kipimo, na jua halitoi risiti. Hapa fundi peke yake hakutosha. Ilihitajika maabara, na ilihitajika sheria. Majibu ya vipimo yalipotangazwa baadhi ya watengenezaji walirekebisha bidhaa zao, na mwaka 2012 Kenya ilitunga kanuni zilizowataka mafundi na wauzaji wa sola kuwa na leseni. Basi huu ndio mmoja wa mifano isiyoingia sawasawa katika mizani yangu ya mwanzo.

Mfano mwingine ni wa mfadhili aliyejifunza. Mwaka 1998 tawi la Benki ya Dunia linaloshughulikia biashara za watu binafsi lilianzisha mpango wa kukuza masoko ya sola katika nchi tatu, India, Morocco na Kenya, na Kenya ikatengewa dola milioni tano. Fedha zilikuwapo, ila masharti yake yalipangwa kwa makampuni makubwa, ilhali soko la Kenya lilikuwa la wenye maduka na mafundi. Kiwango cha chini cha mkopo kiliwapita kimo. Miaka ikapita, mikopo ikatoka michache. Hatimaye wasimamizi walibadili mwelekeo, wakatia nguvu zaidi katika mafunzo ya mafundi na ubora wa bidhaa. Hilo lilifanyika kwa kuchelewa, lakini lilifanyika, na si kila mfadhili hukubali kuandika katika taarifa yake kwamba mlango alioufungua ulikuwa mdogo kuliko mgeni.

Kuanzia hapa njia inarudi Juba. Vita vya pili vilianza mwaka 1983, na kutoka mwaka 1992 maelfu ya Wasudani Kusini walikuwa Kakuma, kambi iliyoko Turkana hukohuko. Wengine walikuwa Nairobi, Kampala, Arua na Adjumani. Walisoma kwa Kiswahili na Kiingereza, waliona sola mabatini, na wapo waliojifunza kazi. Baada ya mkataba wa amani wa Januari 2005 na uhuru wa Julai 2011, wengi walirudi. Mwaka 2012 barabara ya Juba hadi Nimule, kilomita 192, ilikamilishwa kwa lami kwa fedha za shirika la misaada la Marekani, USAID, na bidhaa za Mombasa na Kampala zikaanza kufika kwa wepesi uliokuwa haujapata kuonekana. Vita vya Desemba 2013 na mapigano ya Juba ya Julai 2016 viliharibu mengi na kuwarudisha wengi ukimbizini. Mwaka huohuo wa 2016 nchi hii iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo fundi wa sola wa Juba, akiwa na Kiarabu cha hapa mdomoni na majina ya vifaa kwa Kiswahili na Kiingereza, ni mtoto wa historia yote hii, ya furaha na ya machozi.

Mafundisho ya miaka hiyo yameonekana hata katika zahanati. Majokofu ya chanjo ya sola yalianza kutumika Afrika tangu miaka ya 1980, na kwa muda mrefu ugonjwa wao ulikuwa betri. Betri ilikufa baada ya miaka michache, hapakuwa na fungu la kununua nyingine, ama ilitumiwa kuwashia taa na redio, jambo ambalo mkaguzi aliliita matumizi mabaya na muuguzi wa zamu ya usiku aliliona la lazima. Mnamo mwaka 2010 yalianza kuidhinishwa majokofu yasiyo na betri, yanayohifadhi baridi ya mchana katika barafu, na Sudan Kusini ni miongoni mwa nchi zinazoyategemea. Wahandisi waliacha kumlaumu muuguzi, wakaiondoa betri.

Mafunzo yenyewe, nayo, yana somo kwa chama cha walimu wa lugha. Huko Tilonia, India, chuo cha Barefoot kilichoanzishwa na Bunker Roy mwaka 1972 kilikuwa kikiwachukua wanawake wa vijijini kutoka nchi nyingi, wengi wao hawajui kusoma, na kuwafundisha kutengeneza mitambo ya sola kwa rangi, ishara na kurudia, kwa kuwa hapakuwa na lugha ya pamoja. Wanawake wa Zanzibar walikwenda wakarudi wakiwa mafundi. Lakini kukaa miezi sita ng'ambo ni kazi kwa mama mwenye nyumba, na si kila mume aliyekubali. Mwaka 2015 kikafunguliwa kituo Kinyasini, Unguja, ambapo mafunzo hutolewa kwa Kiswahili, mwanafunzi akiwa karibu na kwao, na walimu wake ni baadhi ya waliotangulia kwenda India. Baadaye yaliongezwa mafunzo ya ufugaji wa nyuki na ushonaji, kwa maana taa bila kipato hulipiwa kwa taabu. Kati ya ishara za rangi na maelezo ya Kiswahili fasaha kuna tofauti ambayo hatuhitaji kuelezwa: kwa rangi mtu hujifunza kuunganisha, kwa lugha huweza kuuliza kwa nini. Katibu wa istilahi ana neno lake "umemejua", na ni neno zuri. Mama wa Kinyasini na fundi wa Juba wote wawili husema "sola", na nadhani wao ndio watakaoshinda.

Mwaka 2025 USAID ilifungwa. Barabara ya Nimule ipo, na malori yanapita. Miradi mingine iliyotegemea fungu la kila mwaka imesimama, na katika nchi iliyozoea kuhudumiwa na mashirika, hilo si jambo dogo. Wakati huohuo bidhaa yenyewe inabadilika. Paneli na betri za zamani zilikuwa na skrubu. Fundi alifungua, akaona, akabadilisha. Sasa zinaingia taa na mitambo iliyozibwa kwa gundi, na katika nchi jirani, tangu mwaka 2012, umeenea utaratibu wa kulipia mtambo kidogokidogo kwa simu, ambao kifaa hujifunga chenyewe malipo yakichelewa na hakifunguliwi ila na kampuni. Utaratibu huu umewapa taa watu wengi wasioweza kulipa kwa mara moja, na si haki kuubeza. Ila ukimpelekea fundi kifaa cha namna hiyo kimezimika, atakigeuza mara mbili tatu, atatafuta mahali pa kutia bisibisi, kisha atakurudishia mkononi.